Mlango wangu unagongwa saa nane usiku: barua ya wazi kwa Mshauri wa Wanafunzi

Ndugu Mshauri wa Wanafunzi, na wote mnaosimamia malazi chuoni kwetu,

Shikamooni.

Mimi ni mwakilishi wa bloku katika hosteli ya wasichana. Jina langu mnalo, limo kwenye faili pamoja na barua ya onyo mliyoniandikia mwezi uliopita, kwa hiyo hapa sitaliandika. Chuo nacho sitakitaja. Nimeongea na wenzangu wa vyuo viwili vitatu vingine nikakuta tunasimuliana hadithi ile ile, majengo tu ndiyo tofauti, na sitaki msomaji adhani haya ni ya geti moja.

Nianze na kugongwa mlango. Ukishika kazi hii miezi miwili, unamjua anayegonga kabla hajafungua mdomo. Wa kiganja, pa pa pa, huyo maji yamekatika na ana sabuni mwilini. Wa kugonga kwa funguo amegombana na mwenzake wa chumba, amewahi kushtaki kabla hajashtakiwa. Wa kwa kucha, mara moja halafu kimya, ukifungua unamkuta ameshageuka anataka kurudi alikotoka: huyo ndiye wa kumshika mkono. Huyo ana ujauzito hajamwambia mtu, au hajala tangu jana, au amepigiwa simu kutoka nyumbani kwamba baba amefariki na nauli ya Kigoma hana.

Ofisi zenu zinafungwa saa tisa na nusu alasiri na kufunguliwa saa moja na nusu asubuhi. Nimepiga hesabu: kwa siku, chuo kina Mshauri wa Wanafunzi kwa saa 8. Saa 16 zinazobaki mshauri ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye simu ya kioo kilichopasuka na vocha ninayonunua mwenyewe. Wasichana wananiita Mama Bloku. Nina miaka 23.

Semina ya kutuandaa ilikuwa ya siku moja. Tulipewa soda, sambusa mbili mbili na fulana. Tulifundishwa sheria za hosteli, tukafundishwa kwamba jiko la umeme, hita na rais kuka ni marufuku, tukafundishwa kujaza fomu ya uharibifu pale kitasa kinapong'oka. Fomu ile naijua kwa moyo. Sikufundishwa la kufanya mtoto wa watu anapoingia chumbani kwangu Ijumaa saa mbili usiku, akakaa sakafuni, akasema jambo ambalo alifanyiwa na mtu anayemfahamu.

Yale hayakuwa yangu kuyasimulia na sitayasimulia. Nitasema tu nilichokijua na nilikokijulia. Nilijua asioge kwanza, nguo zile zisifuliwe, na kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, tena mapema ndiyo bora. Nilijua kwa sababu mama yangu ni muuguzi na mezani kwetu mambo haya huongelewa tukiwa tunachambua mboga. Dawati la Jinsia la chuo lina bango zuri sana pale jengo la utawala. Nalo hufungwa saa tisa na nusu. Tungelisubiri lifunguliwe Jumatatu asubuhi, karibu saa 60 zingeshakatika. Je, ingekuwa bloku ya jirani, ambako mwakilishi mama yake anauza vitenge?

Lakini hilo siyo lililonifanya nishike kalamu. Nimeandika kwa sababu ya karatasi ya Ijumaa.

Kila aliyesoma chuo nchi hii anajua kubebana. Mmoja amepata kitanda, rafiki yake amekosa, basi anambeba. Wanalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, miguu ya huyu kwenye uso wa yule, na asubuhi mbebwaji anatoka na ndoo yake mapema kabla mlezi wa hosteli hajafika. Bloku yangu ina vyumba 52 na vitanda 208. Nikitaka kujua watu wa kweli natazama foleni ya bafuni saa kumi na moja alfajiri, na hiyo foleni haijawahi kuwa ya watu 208.

Mnajua kinachowaleta. Mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, haliji kwa mkupuo wa miezi sita. Lilipopanda mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 tulishangilia, haki ya Mungu, lakini elfu kumi hiyo hiyo ndiyo chai, ndiyo ugali, ndiyo daladala, ndiyo fotokopi, na ukiwa hujapata kitanda ndiyo kodi. Na wapo waliokosa mkopo kabisa, ambao hata hesabu hiyo hawana pa kuianzia. Mwaka 2017 hosteli za Magufuli zilifunguliwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nafasi 3,840 kwa mpigo. Hatua kubwa, nani atabisha. Sisi huku kwetu bado tunasubiri hata bloku moja iliyoanzwa ikaishia kwenye nguzo, na mbuzi wa jirani ndio wanufaika wa kwanza wa kivuli chake.

Tangu muhula uliopita mlituagiza kila Ijumaa tulete karatasi: jina la mbebwaji, namba ya usajili, chumba alichokutwa, jina la aliyembeba. Wote wawili wapigwe faini, na aliyebeba apoteze kitanda.

Naandika hili kwa aibu: mwanzoni nilileta. Wiki tatu mfululizo. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, niliogopa, na nadhani kulikuwa pia na utamu fulani wa kuonekana mtu wa maana. Majina kumi na moja. Mmoja wao alikuwa binti aliyenisukia nywele bure siku moja kabla, na alijua ni mimi, maana nani mwingine angejua chumba.

Wiki ya nne hakuna aliyegonga mlango wangu. Si kwa kiganja, si kwa funguo, si kwa kucha. Kwenye kikao nilisimama nikasema bloku yangu imetulia, mkanipigia makofi. Nilirudi nikalala usingizi mzito. Nilikuwa sijalala hivyo tangu muhula uanze, na mpumbavu mimi nikadhani huo ndio utulivu.

Sasa niwaeleze usiku ule wa pumu, kwa sababu barua yenu ya onyo inauita "tukio la kuhifadhi mtu asiyesajiliwa".

Ilikuwa saa nane na dakika kadhaa. Mlango haukugongwa, ulipigwa teke. Nilipofungua nikawakuta wawili wamembeba wa tatu, wamemfunga kanga, mikono yao imejaa, ndiyo maana ya lile teke. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, mabega yanapanda, lakini ndani hakiingii kitu. Mkononi ameng'ang'ania inhela, na ile inhela ilikuwa tupu. Kifuani ananuka Vicks. Walikuwa wamempaka Vicks, wamemfukiza kwa maji moto, wamemsomea dua, wamefanya yote yanayofanyika mlango ukiwa umefungwa.

Nikauliza imeanza lini. Wakatazamana. Ilikuwa imepita kama dakika arobaini. Chumba chao ni ghorofa ya tatu na changu ni ya chini. Ngazi ni za dakika moja. Zile dakika nyingine zote walikuwa wanabishana. Mmoja anasema tumwite Mama Bloku, mwingine anasema ukimwita atamwandika.

Mgonjwa alikuwa mbebwaji.

Nilipiga namba ya dereva wa gari la wagonjwa, ile iliyobandikwa ukutani kwa gundi na muhuri: haipatikani. Nilimpigia mlezi wa hosteli, ikaita mpaka ikakata. Simlaumu, mtu amelala kwake na watoto wake na hakuna aliyemwambia yuko zamu. Zahanati ya chuo usiku ina taa na mlinzi. Geti la bloku letu lilikuwa na kufuli, na ufunguo anao mlinzi wa geti kubwa, si huyu wetu. Huyu wetu ni mzee mwema, alikimbia kuufuata ufunguo na viatu vyake vya mvua, nami nikasimama ndani ya nondo nimemshika mtu mgongoni nikihesabu pumzi zake. Sijui nilihesabu ngapi. Nakumbuka kufuli ilikuwa imepakwa grisi mpya, inang'aa.

Kilichotuokoa ni bajaji. Kuna baba mmoja hulala ndani ya bajaji yake nje ya chuo kusubiri abiria wa alfajiri; kwenye simu yangu nimemhifadhi kama "Bajaji Getini". Alipokea mlio wa kwanza. Hospitali wakauliza kadi ya bima, hana, kwa sababu ile 50,400 ya mwaka alikuwa hajailipa, kwa sababu ambazo nimeshazitaja hapo juu. Tukachangishana kwenye simu, elfu mbili, elfu tano, wa mwisho akatoa hela aliyoiweka ya kuprinti ripoti. Wakamwekea oksijeni na ile mashine ya mvuke wa dawa. Adhana ya alfajiri ilipoanza, mabega yakashuka.

Akafungua macho, akanitambua. Neno lake la kwanza halikuwa asante wala maji. Aliniuliza, "Umeshaniandika?"

Ndugu Mshauri, sijawahi kuulizwa swali lililoniingia vile. Nilisema hapana. Siku tatu baadaye barua ikaja, na nakala tatu.

Mtasema, basi huyu anataka tufute sheria ya kubebana. Hapana. Mimi ndiye ninayezibua choo kinachotumiwa na watu wawili badala ya mmoja. Mimi ndiye niliyeanika magodoro nane juani tukapigana na kunguni kwa maji ya moto siku nzima ya Jumamosi, na kunguni, niwaambie, hawana namba ya usajili, hawajui nani amepangiwa kitanda na nani amebebwa. Msongamano ni ugonjwa. Tena unanitisha kuliko unavyowatisha ninyi, kwa sababu ninalala ndani yake.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni moto. Mwaka 2009 wasichana 12 wa sekondari ya Idodi, Iringa, waliteketea bwenini. Mwaka 2024 wenzetu wa Kenya waliwazika wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, watoto wa shule ya msingi, nao moto uliwakuta bwenini usiku. Sisi ni watu wazima, mtasema. Moto hauulizi umri. Kila jioni bumu linapochelewa najua ni vyumba gani vinapika, kwa sababu wali una harufu. Najua chumba chenye hita ndani ya ndoo ya plastiki, ekstensheni moja imebeba hita, pasi, chaji nne na feni. Ningegonga nikiwa Mama Bloku wa kale, kabla yale majina kumi na moja hayajaingia kwenye karatasi, binti angefungua, tungechomoa hita pamoja tukacheka. Nikigonga leo, taa inazimwa, ndoo inasukumwa chini ya kitanda ikiwa bado na umeme ndani yake. Chini ya kitanda, karibu na godoro. Hiyo ndiyo kazi ambayo karatasi ya Ijumaa imeifanya.

Na kama hiyo siku ikija, Mungu aiepushe, zimamoto wa 114 watasimama pale nje waulize ndani kuna watu wangapi. Karatasi yenu itajibu 208.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Hamwezi kunituma niwe dada yao na askari wao kwa wakati mmoja. Anayekutumia kama askari hupata majina. Anayekutumia kama dada hupata teke la mlango mapema, dakika ya pili badala ya ya arobaini. Nimefanya yote mawili na nimeona yanavyokulana. Mkitaka ukaguzi fanyeni ukaguzi, mna walezi wa hosteli wenye mishahara, mna walinzi, njooni mchana, gongeni kila chumba, ni haki yenu. Msinipe mimi. Mimi usiku nitawahitaji wale wasichana wanifungulie.

Halafu usiku wenyewe uwe na mwenyewe. Walezi wa hosteli mnao, wekeni zamu, mmoja alale chuoni au angalau simu yake ilale imewashwa, na namba iwe moja isiyobadilika hata mtu akistaafu. Dereva wa gari la wagonjwa naye awe na zamu ya kweli. Ufunguo wa geti la bloku ukae blokuni, kwenye kisanduku cha kioo, kwa mlinzi, kwangu, popote ambapo mtu mwenye pumu hatausubiri. Hili la ufunguo halihitaji bajeti, linahitaji fundi na shilingi elfu saba ya kuchonga nakala. Nimeuliza bei.

Na semina ijayo punguzeni kitasa muongeze saa 72. Mleteni muuguzi wa zahanati atuoneshe mtu aliyebanwa na pumu anakalishwaje, mleteni polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto atuambie ukifika kituoni unasema nini kwanza, mleteni mtu wa zimamoto. Kila mmoja nusu saa. Sambusa tutajinunulia.

Kuhusu malipo sitaongea sana, maana najua ndipo barua hii itakapokunjwa. Malipo yangu ni uhakika wa chumba, nami nashukuru, ingawa humo chumbani usingizi wenyewe huwa naupata nusu tu. Nina sapu moja, mtihani wa kurudia, ya muhula uliopita. Mtihani ule ulikuwa asubuhi ya Jumatatu moja ambayo usiku wake niliutumia na binti aliyekuwa hataki kubaki peke yake, na nisingeweza kumwacha. Nilisoma mahali kwamba kule Marekani kazi kama hii huitwa kazi, mtu hupewa chumba na chakula, hufunzwa siku kadhaa kabla wanafunzi wengine hawajafika, na pale Amherst, Massachusetts, wanafunzi wa aina yangu walipiga kura mwaka 2002 wakajiunga na chama cha wafanyakazi. Sijasema tufanye hivyo. Nimesema nilisoma mahali.

Binti wa pumu anaendelea vizuri. Ana inhela mpya, na ya akiba iko kwenye droo yangu, imeandikwa kwa kalamu ya maka, si jina lake, herufi tu tuliyokubaliana. Analala wapi sitawaambia.

Milango imeanza kugongwa tena, taratibu. Juzi kwa kiganja. Jana, karibu na usiku wa manane, kwa kucha.

Ijumaa hii nitaleta karatasi kama kawaida, kabla ya saa tisa na nusu. Itakuwa na vyumba vyote 52, na mbele ya kila chumba idadi ya watu wanaolala humo, idadi ya kweli, nimeihesabu usiku mlango kwa mlango baada ya kuwaapia kwamba sitaandika zaidi ya hapo. Itunzeni mahali ambapo zimamoto wataiona. Safu ya majina itakuwa tupu. Mkiona hilo linatosha kuniondoa, niondoeni. Daftari nitamkabidhi atakayekuja, na namba ya Bajaji Getini nimeshaiandika kwenye jalada la nyuma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwakilishi wa bloku, hosteli ya wasichana
Mwaka wa tatu